Vumawimbi wakati wa kusi

Nilipomwambia ami kwamba nakwenda ufuo wa Vumawimbi, aliniangalia kwanza. "Wenda kufanya nini huko? Umepoteza kitu?" Swali la haki kabisa. Kwetu Konde, Pemba, mtu haendi pwani kutembea. Huenda kuvua, kuokota kuni, kusubiri chombo. Na Vumawimbi ndiyo kabisa, maana kuifikia lazima ukate msitu wa Ngezi, na Ngezi tuliogopeshwa nao tangu wadogo: kuna wenyewe mle, msipige makelele, msiingie wakati wa magharibi. Sikumbuki hata mara moja niliyokwenda pale utotoni bila kutumwa.

Kwa wasioijua Pemba: kaskazini kabisa ya kisiwa kuna rasi ya Kigomasha, yenye mnara wa taa nchani. Upande wa magharibi ndiyo Verani, maji ya upole, na wageni wengi hukomea huko. Upande wa mashariki ndiyo Vumawimbi, mchanga mweupe mrefu na nyuma yake miti. Hapana kibanda cha soda, hapana kiti. Nilichukua bodaboda Konde, kijana akaniuliza mara mbili kama nitarudi leo leo.

Ndani ya Ngezi barabara inapoa ghafla. Mivule inapanda juu mpaka shingo inauma kuitazama, na chini kuna giza la kijani hata saa tano asubuhi. Tumbili wanakatiza bila haraka. Popo wa Pemba, wale wakubwa wenye manyoya mekundu, wasiopatikana pengine popote duniani, bado wanalala humu wakining'inia. Zamani watu waliwawinda kwa bunduki na kuwala, miti yao nayo ikakatwa, wakabaki wachache mno. Sasa wameongezeka, na hilo nalihesabu miongoni mwa mambo machache niliyoyakuta yamekuwa mazuri kuliko nilivyoyaacha.

Msitu wenyewe ni mdogo, hekta zaidi ya 1,400 tu katika kisiwa cha kilomita za mraba zinazokaribia 1,000. Ni masalio. Sehemu kubwa ya misitu ya Pemba iliondoka kwa ajili ya karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na toka hapo karafuu ikawa yetu. Babu zangu walikula kwa mikarafuu hiyo na mimi nimesomeshwa nayo, kwa hiyo siwezi kuilaumu. Lakini ukisimama Ngezi unaona kisiwa kilikuwaje kabla yake.

Kisha miti inakwisha na bahari inakupiga usoni. Nilifika kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshika, maji yanajaa, mawimbi yanavunjika mfululizo, na mchanga mkavu unaruka hadi kwenye meno. Juu ya ufuo yamelala magogo, makoko ya nazi, vipande vya nyavu na, lazima niseme, chupa za plastiki nyingi tu. Mikadi imeinamia upande wa nchi kavu kwa kupigwa na upepo. Wavuvi wawili walikuwa wamevuta ngarawa yao juu kabisa, wakishona wavu wa jarife kivulini. Wakanisalimia, wakaniuliza mimi mtoto wa nani, tukaujua ukoo mpaka kwa bibi. Kuingia majini wakanikataza. "Leo bahari si ya kuchezea, subiri maji yapwe," akasema mmoja, akarudi kwenye uzi wake.

Nikakaa nao. Nikawahadithia kuhusu Salalah, kusini ya Omani, nchi ninayoishi. Huko kusi hilihili, likishavuka ikweta na kugeuka, linafika kuanzia Juni na kuleta manyunyu na ukungu. Milima iliyokuwa mikavu inavaa majani, na msimu huo wanauita kharifu. Watu wanatoka Maskati na familia zao, wanaendesha gari kilomita 1,000 jangwani, ili wakae kwenye unyevu na waone kijani. Pale Mughsayl bahari inapita chini ya mwamba na kuruka juu kwa matundu, na watu wanapanga foleni kupiga picha wakiwa wamelowa. Nami nimepanga foleni hiyo, tena kwa furaha. Kharifu ikiisha Septemba, haichukui muda milima inarudi rangi ya vumbi.

Wavuvi walicheka sana kwa ile foleni. Mkubwa wao akataka kujua petroli ya kilomita 1,000 inagharimu kiasi gani, nilipomtajia akaacha kucheka.

Mimi lililonikaa ni jingine. Sisi tulikuwa na msitu wa mwaka mzima unaoshuka mpaka kwenye mchanga, tukauita pori. Ilinibidi niishi kwenye nchi ya mawe ndipo nijue kuwa mtu anaweza kusafiri siku nzima kwa ajili ya kitu kama hiki. Sisemi ijengwe hoteli. Kwa kweli naomba isijengwe, ingawa najua ni rahisi kwangu kusema hivyo mwenye tiketi ya kurudi, na wale wavuvi huenda wana maoni mengine. Sikuwauliza.

Mkija, njooni na maji na chakula chenu, mrudi na takataka zenu. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari ina sura nyingine, na kati ya misimu huwa shwari.

Ijumaa baada ya sala tunakwenda tena, safari hii na ami. Ameshatuonya kwamba haogelei, hapigwi picha, na akikuta hakuna cha kuangalia nauli ya kurudi ni juu yangu.