Mjomba alitaka jina, mimi nikataka punguzo: nilivyochagua shule ya sheria Marekani

Mjomba wangu ana miaka ishirini na ushei hapa Marekani, na kwake yeye shule ni jina. Nilipomwambia nataka kusomea sheria, alikata shauri papo hapo: "Mpwa wangu, fungua orodha ya US News inayopanga shule kwa ubora, nenda ya juu kabisa itakayokupokea. Hela tutajua mbele ya safari." Hela tutajua mbele ya safari! Shule nyingi za binafsi ada yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, na JD, yaani shahada yenyewe ya sheria inayosomwa baada ya digrii ya kwanza, ni miaka mitatu. Nani "tutajua"? Mkopo ungeandikwa jina langu.

Sikumjibu, maana mjomba habishiwi. Ila nilitamani kumwambia kwamba Yale, waliokaa namba moja tangu orodha hiyo ianze, Novemba 2022 walitangaza wenyewe kuwa hawatashirikiana nayo tena, na Harvard wakafuata siku hiyohiyo.

Mtihani wa LSAT, ule wa kuombea shule za sheria, nilifanya mara mbili. Mara ya kwanza niliingia kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusifiwa kuwa hodari wa kubishana, nikatoka na 152 kati ya 180. Ukikumbuka kwamba hata asiyejua kitu anaanzia 120, utaelewa kwa nini sikumwambia mtu wiki nzima. Baadaye nikapata 163. Katikati hapo nilikuwa najifungia kila Jumamosi na mitihani ya zamani, saa mezani, simu chumba kingine. GPA yangu, yaani wastani wa alama za chuo kati ya 4.0, ilikuwa 3.2 na haikuwa na dawa. Mwaka wa kwanza wa chuo nilijidanganya kuwa nitakuwa daktari, kemia ikanionyesha.

Sasa, kila mtu alikuwa na utabiri wake kuhusu nafasi zangu. Achana nao. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha wanasheria wa Marekani, inalazimika kuchapisha kila mwaka taarifa inayoitwa 509, na humo utakuta alama za LSAT na GPA za wanafunzi walioanza masomo mwaka huo: ya robo ya chini, ya katikati, ya robo ya juu. Mimi niliangalia ile ya katikati tu. Pale 163 yangu ilipoizidi, nilijua nina la kuuza, kwa sababu alama ya katikati ni mojawapo ya vitu vinavyoipandisha shule kwenye ile orodha ya mjomba. Nilipokuja kulielewa hilo vizuri, baada ya barua moja ya machozi nitakayoisimulia, niliacha kuomba ufadhili kama yatima. Walikuwa wananunua 163 yangu, na bidhaa ina bei.

Niliomba shule kumi na moja. Ada ya maombi ukijumlisha na ya LSAC, wale wanaoendesha LSAT, ya kutuma faili, kila moja ilikula kama dola mia. Nilishalipia sita ndipo nikagundua kwamba shule nyingi hukufutia ada ya maombi ukiwaandikia tu barua pepe na kuomba. Usinicheke.

Majibu yalipokuja, moja lilinirusha kitandani: shule ya nje ya jimbo, juu kidogo kwenye orodha, nusu ya ada wanalipa wao. Nilikaribia kutuma amana ya kushika nafasi usiku uleule. Asubuhi nikasoma ukurasa wa pili. Ufadhili unabaki ukidumisha wastani wa 3.0. Nikasema 3.0 ni nini kwangu? Kumbe mwaka wa kwanza wa sheria alama hazitolewi hivihivi. Mwanafunzi anapimwa dhidi ya wenzake, na pale wastani wa darasa zima ulikuwa umepangwa uwe chini ya hiyo 3.0. Yaani ni lazima wengi wetu tuanguke. Nikarudi kwenye ile 509, kuna jedwali la ufadhili wenye masharti, linaonyesha wangapi walianza nao na wangapi walinyang'anywa au kupunguziwa. Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Shule niliyoitaka iko Texas, ninakoishi na ninakotaka kufanya kazi. Iko chini zaidi kwenye orodha, lakini taarifa ya ajira, ile inayohesabu miezi kumi baada ya kuhitimu, ilionyesha wahitimu wake karibu wote wako papa hapa, wakati wale wa shule ya nusu ada walikuwa wamejaa kwenye jimbo lao, ambako sina hata binamu. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kazi wakati wa likizo kwenye ofisi za mji huu ndiye wanayemkumbuka baadaye.

Tatizo, walinipa robo tu ya ada. Nikawaandikia barua. Ee Mungu, ile barua! Kurasa mbili: maisha ya mama, dhiki za utotoni, na fungu zima kuhusu haki ambalo nililia nikiliandika. Jibu lilikuwa mistari miwili, wa pili ukiwa "tunakutakia kila la heri".

Nikasubiri wiki tatu, hasira ikaisha. Barua ya pili ilikuwa na sentensi sita. Ninyi ni chaguo langu la kwanza. Shule nyingine ya papa hapa Texas, inayokaribiana nanyi, imenipa hiki. Barua yao naiambatanisha. Mkifika kiasi fulani, na nikakitaja kwa tarakimu, nitalipa amana ndani ya siku mbili. Basi. Siku ya tisa wakafika theluthi mbili, bila sharti lolote la alama zaidi ya kubaki mwanafunzi mwenye hadhi nzuri, yaani nisiwe wa kusimamishwa masomo. Nililipa siku ileile, kabla hawajaghairi.

Tamaa ikanituma niwaandikie tena kuhusu pesa za vitabu. Hilo hawajalijibu hadi leo.

Juzi mjomba kapiga simu. "Hiyo shule yako ni ya ngapi?" Nikamtajia kinachobaki kwangu kulipa kwa mwaka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwanawe naye anaweza kuandikiwa hiyo barua ya sentensi sita.