Siku moja maishani mwangu: koo la 42 au la 38?

Saa 1 asubuhi. Kabla ya spana nashika kalamu. Gari lililolala karakanani ni Mazda yenye injini ya rota ya 13B (badala ya pistoni, rota za pembetatu huzunguka ndani yake), milango ya hewa imepanuliwa kiasi kwa matumizi ya barabarani, na juu yake imefungwa kabureta ya Weber 48 IDA yenye makoo mawili, yaani sehemu zinazobana hewa, ya milimita 42. Mwenyewe anataka niing'oe nimfungie kabureta kubwa zaidi, Weber ya 51. Anasema injini ina njaa ya hewa, maana akikanyaga mafuta kwenye mizunguko 3000 kwa dakika gari linashtuka, linazubaa, ndipo linaondoka. Mimi dalili hiyo inaniambia kinyume chake: hewa inapita polepole mno.

Kila chumba cha 13B kina 654 cc, rota ni mbili, kwa hiyo huandikwa 1308 cc. Wengi huishia hapo na kutafuta kabureta ya injini ya lita 1.3. Lakini rota ina nyuso tatu, na shafti huzunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Kwa hiyo katika kila mzunguko wa shafti, kila rota huvuta chumba kizima. Zile 1308 cc zote huingia kwa mzunguko mmoja, wakati injini ya pistoni ya mipigo minne ingehitaji miwili. Kwa upande wa pumzi, 13B ni injini ya lita 2.6.

Naendelea kuandika. Kwenye mizunguko 8000 kwa dakika, vyumba vikijaa sawasawa, injini hii huvuta lita 10464 kwa dakika, yaani futi za ujazo zipatazo 370. Nagawanya kwa makoo mawili. Kwenye 42, hewa hupita kwa mita 63 kwa sekunde. Kwenye 38, mita 77. Sasa nashuka hadi 3000, mahali penye malalamiko: 42 inanipa mita 23.6, 38 inanipa 28.8. Mafuta hayasukumwi kutoka kwenye jeti kuu, kitundu kinachoyapima, huvutwa na mwendo wa hewa inapobanwa kooni. Hewa ikizembea, mafuta huchelewa. Ukifunga 51 yenye koo pana zaidi, ugonjwa unauongeza.

Saa 3. Kijana wangu wa kazi anakagua presha ya mafuta; Weber hizi nazipa paundi 3 hadi 3.5 kwa inchi ya mraba, zaidi ya hapo sindano ya floti inaweza kushindwa kuyazuia mafuta yasifurike. Nahakikisha pia kwamba oili imechanganywa kwenye tangi. Pampu ya asili iliyokuwa ikilainisha sili za ncha za rota, zinazoziba pembe zake, haijaunganishwa na kabureta hii, na sili zikikosa oili hakuna kipimo cha koo kitakachoiokoa injini.

Saa 4 tunapandisha gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, makoo yakiwa yale yale ya 42. Nataka kuuona ugonjwa kabla ya kuutibu. Nakanyaga ghafla kwenye 3000: sensa ya oksijeni inaonyesha mchanganyiko unakuwa mwembamba, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo, unakaa hapo kidogo, kisha unarudi. Baadhi ya mafundi hapa wangeongeza mafuta kwenye pampu ya kuharakisha, inayomwaga mafuta ya ziada unapokanyaga ghafla, na kumkabidhi mteja gari. Sipendi njia hiyo. Pampu inaziba pengo la muda mfupi, ila gari likipanda mlima polepole kwa mafuta nusu, pampu haifanyi kazi yoyote.

Saa 6 mchana tunafungua. Koo la 38 linaingia, na papo hapo jeti kuu inabadilishwa, kwa sababu koo jembamba huvuta mafuta kwa nguvu zaidi; ukiiacha jeti ya zamani mchanganyiko unakuwa mzito. Kanuni ya kuanzia kwenye Weber ni kuzidisha koo kwa 4, unapata kama 150, halafu sensa ndiyo inayokuelekeza. Nasogea hatua kwa hatua, kila mara nikianzia upande mzito. Injini ya rota haisamehe wembamba chini ya mzigo: mchanganyiko unalipuka vibaya na sili ya ncha inapasuka. Mafuta yote yakikanyagwa nalenga hewa karibu 12.5 kwa mafuta 1, kwa uzito.

"Fundi, si tumepunguza hewa?" kijana anauliza.

Nampa karatasi ya vipimo ajionee. Kuanzia 2500 hadi 6500 mstari wa nguvu umepanda na umenyooka. Juu ya 7500 nguvu imepungua kidogo, kweli. Mwenye gari huenda nalo kazini kila siku.

Saa 9 alasiri mteja mwingine anapiga simu. Ana 12A, injini ya rota ya Mazda iliyo ndogo kuliko 13B, na amepata kabureta ya makoo mawili iliyoandikwa futi za ujazo 500 kwa dakika. Anaogopa ni kubwa mno. Namwambia kabureta za makoo mawili hupimwa kwa mvuto wa inchi 3 za zebaki, za makoo manne kwa inchi 1.5. Hiyo 500 yake, kwa kipimo cha makoo manne, ni kama 354. 12A yake kwenye mizunguko 8000 inahitaji kama 324. Kwa hesabu ninamruhusu, ila aniletee nione jeti zake.

Saa 11 mwenye 13B anafika. Hatuzungumzi sana, namkabidhi ufunguo. Anarudi baada ya nusu saa, haulizi tena habari za 51. Kabureta hiyo namwekea mtu wa kesho: injini yake ina milango iliyokatwa upande wa nje wa kasha, ya mbio tupu, na chini ya 6000 haishuki ikiwa kazini. Kwake nitaanza na koo la 46.