Minazi ya Shangazi

Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo mjini, upande wa magofu ya msikiti wa kale. Mwezi Machi wa mwaka uliotangulia, Tanzania na China zilikuwa zimetia saini makubaliano ya awali ya ujenzi wa bandari Mbegani, na tangu hapo madalali wa Dar es Salaam hawakukauka vijijini wakiulizia mashamba. Mimi nilitafuta mahali pa kuwajengea wazazi wangu, na sikuwa tayari kutoa hata arubuni kabla ya kumjua kila mwenye haki katika ardhi ile.

Muuzaji alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye shamba. Alinionyesha barua ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua kuwa msimamizi wa mirathi, nami nikaomba kuonana na dada zake, kwa kuwa msimamizi hukabidhiwa mali ili aigawe kwa warithi, na hiyo haimfanyi kuwa mwenye mali peke yake. Dada zake walikuja, wakasema wameridhia, lakini mdogo wao alitaka fungu lake alipokee kwa mkono wake mwenyewe. Niliona ana haki kabisa.

Siku ya kuonyeshwa mipaka, mwenyekiti wa kitongoji aliwaita majirani, kila mmoja akasimama kwenye mpaka wake. Kiwanja hakikuwa na jengo lolote. Palikuwa na nyasi, mikorosho iliyozeeka na safu ya minazi upande wa mashariki. Tulipoifikia ile safu, bibi mmoja, dada wa marehemu, alimshika muuzaji mkono akamwambia, "Mwanangu, ardhi uza, ni ya baba yako. Minazi hii niliipanda mimi, na yeye ndiye aliyenipa ruhusa."

Muuzaji alijibu kwa adabu, "Shangazi, mti unafuata ardhi." Wazee waliokuwapo hawakukubaliana naye. Katika pwani yetu mtu huweza kumiliki mnazi uliosimama katika ardhi ya mwingine, akauangua, akaurithisha, na mwenye ardhi asiuguse. Na wawili kati ya wazee hao walikumbuka kumwona bibi akimwagilia miche. Naamini desturi hiyo ni ya haki, maana mnazi huchukua miaka kabla ya kuzaa, na jasho la aliyeutunza halipotei kwa sababu kaka yake amefariki.

Tuliketi kivulini mpaka alasiri. Ilikubaliwa kwamba bibi alipwe fidia kwa kila mnazi, uzaao kwa bei yake na mchanga kwa bei yake, na kwamba fedha hizo zitoke katika bei ya kiwanja. Nilisisitiza jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba, pamoja na majina ya warithi wote na ya majirani walioshuhudia, ili mtu wa kizazi kijacho asije na dai ambalo karatasi haina jibu lake. Bibi alitia dole gumba baada ya kusomewa kila kifungu mara mbili.

Malipo yalifanyika mbele ya wakili. Wa kwanza kuhesabiwa fedha zake alikuwa bibi, kisha yule binti mdogo, na kaka yao akapokea mwisho.