Kompyuta Haijui Kwamba Goti Liko Mguuni

Mtu aliyewahi kushuhudia mbuzi akichinjwa na kuchunwa anajua, bila kusomea popote, kwamba kwato ni sehemu ya mguu, kwamba utumbo umo tumboni, na kwamba ini si aina ya paja. Kompyuta haina ujuzi huo hata chembe. Kwake, "goti" na "mguu" ni mifuatano miwili ya herufi isiyohusiana kwa lolote, na ukiiagiza ikutafutie wagonjwa wote walioumia mguu itakuletea wale tu ambao faili zao zimeandikwa neno mguu. Aliyevunjika fupaja hatahesabiwa, wala aliyeteguka kifundo.

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo kimoja cha afya mkoani Tabora, ambako majeruhi wa bodaboda hawakosekani, na ambako warina asali huletwa baada ya kuanguka kutoka mitini. Mganga mfawidhi anapotaka kujua ni wangapi walioumia miguu, anauliza swali la anatomia, hata kama yeye mwenyewe anadhani ameuliza swali la hesabu.

Wengi hudhani kwamba misimbo ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani, iitwayo ICD, imekwisha kulimaliza jambo hili. Katika ICD, toleo la 10, kuvunjika kwa fupaja ni S72, kuvunjika kwa mifupa ya muundi ni S82, na kuvunjika kwa mifupa ya wayo ni S92, kwa hiyo mtu angeweza kuyajumlisha mafungu hayo na kupata jibu. Lakini tazama kifundo cha mguu. Kikivunjika, kinaingia S82, katika fungu la majeraha ya goti na muundi; kikiteguka tu, kinahamia S93, katika fungu la kifundo na wayo. Kiungo ni kilekile, ila aina ya jeraha imekihamisha makazi. Siulaumu mfumo huo, kwa kuwa ulibuniwa kwa ajili ya kuhesabu maradhi na vifo, na haukukusudiwa kuwa ramani ya mwili. Ramani ya mwili ni kazi nyingine kabisa, na wako watu walioifanya kwa uangalifu ambao mimi binafsi huustaajabia.

Kazi ninayoifikiria zaidi ni Modeli ya Msingi ya Anatomia, ijulikanayo kwa kifupi kama FMA, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na Cornelius Rosse akishirikiana na José Mejino, na ambayo maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 2003. Wakati huo wanaanatomia walikwisha kuwa na orodha za majina kwa muda mrefu: mwaka 1895, huko Basel, majina yapatayo 50,000 yaliyokuwa yakitumika kiholela barani Ulaya yalipunguzwa yakabaki takriban 5,000, na mwaka 1998 ikatoka orodha ya kimataifa iitwayo Terminologia Anatomica. Orodha ya majina, hata iwe safi namna gani, inamfaa msomaji ambaye tayari anaujua mwili. Rosse na wenzake walikuwa na msomaji asiyejua chochote, yaani programu, na kwa hiyo iliwabidi kuyaandika hata yale ambayo mwalimu wa anatomia hayatamki darasani kwa kuwa kila mwanafunzi anayajua. Matokeo yake ni ontolojia, yaani ramani ya vitu na mahusiano yao inayosomeka na kompyuta, yenye takriban aina 75,000 za vitu vya mwilini, kuanzia mwili mzima hadi molekuli kubwa, zilizounganishwa kwa mahusiano zaidi ya milioni 2.

Uti wa mgongo wa kazi hiyo ni kanuni ya kale ya Aristotle: kila kitu hufafanuliwa kwa kutaja kundi lililo juu yake na kile kinachokitofautisha na wenzake wa kundi hilo. Moyo ni ogani. Ogani ni muundo wa kianatomia. Muundo wa kianatomia ni kitu chenye umbo lake chenyewe la pande tatu, kilichojengwa na jeni za mwili wenyewe. Fafanuzi hiyo ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Inaitoa nje risasi iliyobaki begani, inautoa nje mkojo kwa kuwa hauna umbo lake, na kuuweka katika kundi la viowevu na vitu vingine vya mwili, kisha inailazimisha modeli kuvipa nafasi yake vitu visivyo na maada kabisa, kama vile uwazi wa kifua, uso wa ini, na mstari ambapo nyuso mbili hukutana.

Hata hivyo, kupanga aina chini ya aina ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu umo katika uhusiano wa "sehemu ya". Tunapozungumza, tunasema ubongo umo ndani ya fuvu na vali imo ndani ya moyo, kana kwamba ni jambo moja. Kumbe vali ni sehemu ya moyo, ilhali ubongo umewekwa katika uwazi wa fuvu tu bila kuwa sehemu ya mifupa yake. Treni ya Kigoma inaposimama katika stesheni ya Tabora, hakuna anayeihesabu kuwa sehemu ya jengo, kwani baada ya muda itaondoka na stesheni itabaki kamili. Vivyo hivyo mkojo umo katika kibofu na si sehemu ya kibofu. Asiyeyatenganisha mahusiano haya mawili ataiona programu yake ikihitimisha kwamba aliyepata jeraha la ubongo amevunjika fuvu. FMA haikuishia hapo, kwa maana hata "sehemu" imegawanywa: kuta na vyumba ni njia moja ya kuugawa moyo, na upande wa kulia na wa kushoto ni njia nyingine, nazo hazichanganywi katika safu moja.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa kidole. Kidole ni sehemu ya kiganja na kiganja ni sehemu ya mkono, na uhusiano huo hupita kutoka ngazi hadi ngazi, ndiyo maana jeraha la kidole kwa haki kabisa huhesabiwa kuwa jeraha la mkono. Sasa chukua mgonjwa aliyekatwa kidole. Je, naye ahesabiwe kuwa amekatwa mkono? Sheria ileile iliyotupa jibu sahihi hapo kwanza inatupa upuuzi hapa, na upuuzi wa aina hiyo ukiingia katika taarifa za mkoa utaagiza mikono ya bandia isiyohitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani, akiwamo Stefan Schulz na Udo Hahn, walipendekeza kila kiungo kiandikwe mara tatu: kiungo kizima, sehemu yoyote ya kiungo hicho, na dhana pana inayozijumuisha hizo mbili. Kuvunjika hufungwa kwenye dhana pana, na kukatwa hufungwa kwenye kiungo kizima. Alama za mbinu hiyo bado zinaonekana ndani ya SNOMED CT, mfumo wa kimataifa wa istilahi za kitabibu, ambamo "muundo wa mkono" na "mkono mzima" ni vitu viwili tofauti, jambo linalowachosha sana makarani wapya wasioelezwa sababu yake.

Yapo pia maswali ya mipaka. Mshipa mkuu unaopeleka damu mguuni ni bomba moja lisilo na kiungio chochote cha kuonekana, lakini ukipita chini ya kano ya kinena hubadilishwa jina na kuwa ateri ya paja, na ukipenya tundu la msuli karibu na goti hupewa jina jingine tena. Mwili haukuweka mpaka pale; waliouweka ni wanaanatomia. Kwa daktari wa upasuaji hilo ni suala la lugha, lakini kwa kompyuta ni lazima mkato huo wa kubuni uandikwe kuwa uso halisi wenye jina lake, la sivyo mishipa hiyo itaonekana kama vitu vitatu vinavyoelea.

Zaidi ya hayo, mwili ulioelezwa na FMA si mwili wa mtu yeyote. Ni mwili wa kanuni, wa mtu mzima ambaye kila kitu chake kiko pale ambapo vitabu vinasema. Humo figo hulishwa na ateri moja, ingawa takriban robo ya watu wana ateri ya ziada. Msomaji anaweza kujipima mwenyewe kwa kugusanisha kidole gumba na kidole kidogo kisha kukunja kifundo cha mkono kidogo: wengi wataona ukano ukijitokeza katikati ya kifundo hicho, na wengine hawataona kitu kwa kuwa hawakuzaliwa nao, na hawana ugonjwa wowote. Waanzilishi waliliona hilo wakatenganisha anatomia ya kanuni na anatomia ya mtu mahususi, na nadhani walikuwa sahihi, ila kwetu, ambako sehemu kubwa ya majeruhi ni watoto wenye mifupa ambayo ncha zake bado zinakua, modeli ya mtu mzima inapwaya.

Hakuna kituo cha ngazi yetu kinachohitaji ontolojia nzima ya aina 75,000. Nilichofanya ni kutengeneza jedwali dogo la mifupa na viungo vya mwendo pekee, lenye safu ya kitu, safu ya uhusiano na safu ya kile kinachohusiana nacho, na kuliunganisha na majina tunayoandika katika daftari la wagonjwa wa nje. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye mfupa wa nyonga. Terminologia Anatomica inauweka miongoni mwa mifupa ya mguu. ICD inakuweka kuvunjika kwa nyonga katika S32, pamoja na uti wa mgongo wa kiunoni. Matabibu niliowauliza waligawanyika, na kila upande ulikuwa na sababu ya kikazi iliyo halali. Basi mfupa huo una mistari miwili katika jedwali: wa kwanza unasema ni sehemu ya mifupa ya mguu kwa mgawanyo wa kianatomia, na wa pili kwamba huhesabiwa na kiwiliwili kwa mgawanyo wa takwimu, na kila anayeomba taarifa ya majeruhi wa miguu hutakiwa kwanza kuchagua mgawanyo anaoutaka.