Milimita mbili tu!

Nyumba ya kupanga, kibaraza ni cha wote. Kwa hiyo meza yangu ya useremala lazima ikunjike kabla ya magharibi.

Leo nimefunga msumeno wa umeme wa diski chini ya plaiwudi ya milimita 18, kichwa chini miguu juu, meno yakichungulia kwenye upenyo.

Mwanzoni nilitaka grainda, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma, niiwekee diski ya meno, bei rahisi. Fundi mmoja pale Keko akanionyesha kidole chake kifupi. Hakuongeza neno. Nikanunua msumeno.

Basi nikawasha. Kipande cha mninga hakijafika katikati, moshi! Jirani akaita, "Unachoma nini huko?"

Kuzima, kupima kwa rula: kutoka kwenye diski hadi ubao wa kuongozea, mbele sentimita 10, nyuma 9.8. Mbao ilikuwa inabanwa. Ingeweza kunirukia tumboni, jamani.

Nikalegeza boliti nne, nikasogeza, nikakaza. Cha pili kimepita safi.

Kile cha kwanza nimekiweka dirishani, na mstari wake mweusi. Bado kinanuka.

Mliofunga mashine hivi, nati hazilegei kwa mtetemo? Na randa ya umeme niifunge humo humo au niiache ya mkononi?