Kifungu cha Kucheza

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nilikuwa nimekikariri kabla sijapangiwa ofisi ya mafunzo kwa vitendo: mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Nilikuwa nasoma astashahada katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 2014 nilipelekwa katika ofisi moja ya ustawi wa jamii upande wa Temeke, chini ya afisa mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama.

Shauri lenyewe lilikuwa la matunzo. Mzazi wa kike alilalamika kwamba mwenzake, waliyekwisha kutengana, hatoi hela ya matumizi. Mzazi wa kiume alishikilia kwamba hutoa, ila haimfikii mtoto. Maelezo yao yalijaza kurasa nyingi za jalada, lakini maisha ya mtoto hayakuonekana humo. Mama akaamua twende Mbagala, tukapita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha.

Tulimkuta binti wa miaka kama tisa, bado yumo ndani ya sare za shule, ameketi barazani na ndoo ya vitumbua. Alitupa shikamoo. Mama alivuta kigoda, akakaa usawa wake, akanunua vitumbua viwili, kisha akauliza, "Mwanangu, siku hizi mnacheza nini huku kwenu?"

Mtoto alichangamka. Alitueleza habari za rede, nani hodari wa kukwepa mpira na nani hupenda kudhulumu, mpaka Mama alipomuuliza yeye huwa upande gani.

"Mimi nawahesabia tu. Nikiingia kucheza, vitumbua nani ataviuza? Baba akituma hela ndiyo naruhusiwa."

Mama hakuuliza zaidi kuhusu baba, na naona alifanya haki, kwa sababu mtoto anayeulizwa mzazi yupi ana kosa hubebeshwa hukumu isiyo yake. Njiani aliniagiza niyaandike maneno yale kama yalivyotamkwa, bila kuongeza kwamba mtoto ananyanyaswa wala kwamba mama yake ni mzembe. Tathmini ina sehemu yake katika taarifa, nayo huja baada ya yaliyoonwa na kusikika.

Wazazi walipoitwa pamoja, mzazi wa kiume alikuja na ujumbe wa miamala ya simu, tayari kuthibitisha kila shilingi. Mama aliupitia wote kwa subira, kisha akawasomea maneno ya mtoto. Ubishi ulipungua, na kwa mara ya kwanza mwanamume yule aliuliza kodi ya chumba ni kiasi gani. Ilibainika kwamba hela alikuwa akiituma kweli, lakini bila siku maalumu, hivyo mwezi ulipobana mzazi wa kike aliitegemea ile ndoo.

Nilipewa kazi ya kuandika makubaliano: hela itumwe kila Jumamosi, na mtoto asiuze chochote baada ya shule. Mzazi wa kike alipinga kipengele hicho cha pili, akiuliza vitumbua vinavyobaki vitauzwa na nani, na tulikaa juu yake muda mrefu kuliko suala la fedha, hadi alipokubali kumwachia jirani mwenye genge. Ndipo wakatia saini.