Volti 600 kwenye kadi ya sauti ya volti 2

Kadi ya sauti ya kompyuta ninayopimia amplifaya huvumilia volti 2 tu. Amplifaya niliyoiunda kwa ajili ya hedifoni za umemetuli za Stax (utando mwembamba wenye chaji husukumwa na volti kubwa na kutoa sauti) hutoa hadi volti 300 kila upande, na kwa kuwa upande mmoja hupanda mwingine ukishuka, kati yao hufika 600. Hapo sijataja volti 580 zinazochaji utando wa hedifoni zenyewe. Nilifanya kazi mkono mmoja mfukoni, na kila nikizima nilingoja multimita ikaribie sifuri ndipo niguse kitu.

Nilipunguza volti kwa risista mbili kila chaneli: megaohmu 1 juu, kiloohmu 4.7 chini, kadi ikisoma ile ya chini tu. REW, programu ya kupima sauti, ikaonyesha upotoshaji wa asilimia 0.3 chaneli ya kushoto, 0.03 ya kulia. Siku mbili nikabadilisha transista za kushoto. Wapi! Mwishowe, kwa uchovu zaidi kuliko akili, nikahamishia kulia ile risista ya megaohmu 1 ya kushoto. Ugonjwa ukahama nayo.

Ilikuwa risista ya kaboni niliyoitoa kwenye redio mbovu. Thamani yake ilikuwa ikiyumba kadiri volti zilivyopanda na kushuka, na hilo huzaa hamoniki ya tatu, yaani sauti ya ziada yenye masafa mara tatu ya ile ya asili. Yaani nilikuwa napima kipimo changu! Nikafunga risista kumi za filamu ya metali za kiloohmu 100, moja baada ya nyingine, kila moja ikabeba volti 30 tu.

Hamoniki ya pili nayo ilinitisha bure, kwa sababu nilipima upande mmoja. Utando husukumwa na tofauti ya pande mbili. Nilipopima tofauti hiyo, hamoniki ikazama.

Bila mzigo amplifaya ilitulia kama maji mtungini. Nikaweka kati ya pande zake kapasita ya pikofaradi 120, ya aina ya C0G isiyoyumba na volti, kuigiza hedifoni. Kwenye hezi 10,000 wimbi likawa pembetatu. Kukokotoa nikakuta kapasita hiyo inadai miliampea 4.5 kwa volti 600, na mimi nilikuwa nimeipa hatua ya mwisho miliampea 3. Nikapandisha hadi 6. Wimbi limenyooka, ila joto limeongezeka maradufu na nimelazimika kutoboa kasha matundu zaidi.